Nani Aichoraye Njia ya Lingeka?

Mwezi wa Machi mwaka huu gari la gazeti hili lilikwama katika mchanga wa mto mmoja njiani kwenda Lingeka, Mkoa wa Simiyu. Hatusemi hivyo ili kuwalaumu wenye barabara, wala kumshitaki dereva wetu, ambaye ni mtu mzima na mwangalifu. Kilichotuingiza mtoni ni sauti. Sauti ya mwanamke asiyeonekana, itokayo katika simu iliyobandikwa karibu na usukani, ilituamuru tupinde kushoto. Nasi, watu wazima wanne wenye elimu zetu, tukapinda kushoto. Njia ikawa nyembamba, kisha ikawa ya ng'ombe, kisha haikuwa njia tena. Lakini katika kioo cha simu mstari wa buluu uliendelea kuvuka mto kana kwamba hapo pana daraja.

Daraja halipo, na wenyeji wasema halijapata kuwapo. Pana mchanga tu, ambao wakati wa kiangazi hupitika, na wakati wa mvua hujaa maji kwa ghafula, yakachukua hata mbuzi. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga ng'ambo ya pili alitutazama kwa muda. Tukamwamkia, "Mwadila, baba." Akaitikia, akatuuliza, "Wanangu, nanyi mwafuata simu?" Tulipokiri, alitwambia ya kwamba gari letu lilikuwa la tatu tangu mvua zianze, na ya kwamba la kwanza lilikuwa limebeba mgonjwa.

Ni neno hilo la mwisho lililotufanya tushike kalamu leo. Sisi tulipoteza saa tatu na viatu vyetu vikalowa, basi. Mgonjwa hana saa tatu za kupoteza.

Tuanze kwa kukieleza kitu chenyewe, maana wengi wetu twakitumia bila kujua kimetoka wapi. Ndani ya simu janja mna mambo mawili ambayo watu huyadhani kuwa moja. La kwanza ni kujua mahali uliposimama. Hilo hufanywa na setelaiti zizungukazo dunia zikitangaza saa zao bila kukoma. Simu hupokea matangazo ya setelaiti nne au zaidi, ikapiga hesabu ya muda uliopita, ikajua ilipo kwa kukosea mita chache tu. Mfumo wa kwanza wa namna hiyo, uitwao GPS, ni mali ya jeshi la Marekani, nao ulikamilika mwaka 1995. Mpaka mwezi wa Mei 2000 Wamarekani waliyavuruga makusudi matangazo yaliyowafikia raia, ili asiyekuwa askari wao asipate kujua mahali barabara; Rais Clinton ndiye aliyeuondoa uvurugaji huo. Warusi, Wazungu wa Ulaya na Wachina nao wakawa na mifumo yao wenyewe, na ule wa Wachina ulikamilika mwaka 2020. Kupokea matangazo hayo hakuhitaji bando wala mnara wa simu. Hata katikati ya mbuga za Meatu, simu isiyo na salio hata senti moja yaweza kujua ilipo.

La pili ni ramani yenyewe: hii ni barabara, hii ni zahanati, huu ni mto usio na daraja. Hilo haliangushwi na setelaiti kutoka mbinguni. Sharti mtu alitie. Siku ile tulipokwama setelaiti hazikukosea hata kidogo. Zilijua vyema kabisa ya kwamba tumo mtoni. Iliyokosea ni ramani, na ramani ni kazi ya mikono ya watu.

Sasa kazi hiyo imekuwa biashara kubwa. Mwaka 2004 kampuni ya Google ya Marekani ilinunua kampuni changa ya watu wanne huko Sydney, Australia, na nyingine iliyoitwa Keyhole iliyokuwa na ustadi wa kuonyesha dunia kwa picha za kutoka angani. Mwezi wa Februari 2005 ikafungua ramani yake kwa watu wote. Mwaka 2009 ikaanza kuwaongoza madereva wa Marekani kwa sauti, hatua kwa hatua, bila malipo, na hisa za makampuni yaliyokuwa yakiuza vyombo vya kuonyesha njia zikaanguka mara moja. Kampuni ya Nokia ilikuwa imekubali mwaka 2007 kulipa dola bilioni 8.1 kwa ajili ya kampuni ya ramani iitwayo Navteq. Mwaka 2015 iliiuza biashara yake ya ramani kwa makampuni matatu ya magari ya Ujerumani kwa euro bilioni 2.8. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 2013, Google ikanunua kwa karibu dola bilioni moja kampuni ya Waze ya Israeli. Ramani ya Waze, msomaji, ilikuwa imechorwa kwa sehemu kubwa na madereva wenyewe, kila mtu akiongeza barabara ya mtaa wake kwa hiari. Dola bilioni moja hazikugawanywa kwa madereva.

Mtu atauliza: kitu kitolewacho bure chaletaje utajiri? Chauleta kwa njia kadhaa. Mwenye hoteli au duka hulipa ili jina lake lionekane kabla ya majina ya wenzake. Mwenye programu nyingine anayetaka kuweka ramani hiyo ndani ya kazi yake hulipishwa kwa kila itumiwapo, na mwaka 2018 malipo hayo yalipandishwa sana hata wengi wakalia. Tena kuna jambo la tatu, ambalo sisi twaliona kuwa ndilo kubwa. Simu zetu, zikiwa zimeruhusiwa, hupeleka habari za mwendo wetu: wapi gari lilikwenda mbio, wapi lilisimama, njia ipi yapitika saa ngapi. Kwa habari hizo kampuni hujua foleni ya Ubungo kabla askari wa usalama barabarani hajaijua. Kila mwenye simu atembeaye amekuwa mpima ardhi asiyelipwa mshahara.

Hatusemi kwamba hapati chochote. Apata njia, na ni faida ya kweli; mgeni ashukaye Dar es Salaam leo hana haja ya kumuuliza mtu kumi njia ya Sinza. Lakini tufuate hesabu hiyo mpaka mwisho wake. Ikiwa ramani huota pale palipo na maduka ya kulipia matangazo, na kunawiri pale penye simu nyingi zitembeazo, basi Kariakoo itajulikana mpaka mlango wa kibanda, na Lingeka itachorwa kwa kukisia. Mkoa wa Simiyu ulihesabiwa kuwa na watu milioni mbili na zaidi katika Sensa ya mwaka 2022. Ndio mkoa uongozao nchi nzima kwa pamba. Lori la pamba likiingia mbuga ya udongo mweusi kwa kufuata mstari wa simu, hukaa humo mpaka jua liukaushe udongo, na mkulima hungoja fedha yake. Hasara hiyo haionekani katika hesabu za mwenye ramani yeyote.

Wafanyakazi wa mijini nao wanalo jambo lao, ingawa ni la namna nyingine. Uber ilifungua kazi Dar es Salaam mwaka 2016, na wengine wakafuata. Dereva huja na gari, ambalo mara nyingi si lake, hununua petroli, matairi na bima, hukaa juani. Kampuni huja na ramani na orodha ya abiria. Mwaka 2022 Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliagiza kwamba kampuni isikate zaidi ya asilimia 15 ya nauli. Mwezi wa Aprili mwaka huohuo Uber ikasimamisha huduma yake nchini. Yakafuata mazungumzo, kiwango kikapandishwa kufikia asilimia 25, na mwanzoni mwa mwaka 2023 ikarejea. Hatuna nia ya kuamua hapa ni asilimia ngapi iliyo haki. Twapenda tu msomaji aone nani aliyekuwa na nguvu ya kuondoka na kurudi. Dereva hakuweza kuondoka. Mkopo wa gari haungoji mazungumzo.

Nchi yetu yajua tangu zamani kwamba achoraye ramani huchora kwa haja zake. Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alifika karibu na Mwanza, akaliona ziwa ambalo wenyeji walikuwa wakiliita Nyanza, akaliandika kwa jina la malkia wake. Hakumuuliza mtu, na jina hilo lasomeka katika simu zetu hadi leo. Wajerumani walichapa karatasi zao za kipimo cha 1:300,000. Waingereza, kwa idara waliyoiunda kwao mwaka 1946, wakapiga picha kwa ndege na kuchora karatasi za kipimo cha 1:50,000, ambazo baada ya Uhuru zilibaki kuwa msingi wa ramani za nchi. Ilikuwa kazi ya ufundi, hatukatai. Sisi wengine tulifundishwa jiografia katika shule za misheni kwa ramani ya ukutani iliyochanika hapo Kigoma, hata tukakua tukidhani ya kwamba Kongo ipo mbali sana. Lakini kila mtawala alichora reli yake, mipaka yake na watu wake wa kutozwa kodi. Kisima cha mwanamke wa Usukuma kilikuwa si neno.

Na Wasukuma, kati ya watu wote, hawakuwa na haja ya kufundishwa pande za dunia. Jina lao lenyewe ni dira: sukuma ni kaskazini, dakama ni kusini, kiya ni mashariki, ng'weli ni magharibi. Yule mzee wa mtoni hakutwambia kushoto wala kulia. Alinyosha fimbo, akatuambia tufuate upande wa kiya mpaka mbuyu uliopasuliwa na radi, kisha tuvuke palipo na mwamba chini ya mchanga. Tulivuka. Mwamba ulikuwapo.

Ujuzi huo hauna mahali pa kukaa katika simu, na sababu mojawapo ni majina. Mahali pengi Simiyu pana majina yaanzayo na Mwa, ambayo mwenyeji huyatamka Ng'wa, maana yake pa fulani. Mwanza yenyewe ni Ng'wanza. Karani mmoja huandika hivi na mwingine vile; simu hutafuta herufi, haitafuti maana, na kijiji chenye watu elfu kadhaa huonekana kana kwamba hakipo. Tena katika miaka ya 1970, watu walipohamishiwa katika vijiji vipya, majina mengine yalihama pamoja nao, na mengine yakabaki porini na mashimo ya nguzo. Mgeni wa ng'ambo atajuaje lipi ni lipi? Hawezi, hata akiwa na picha za setelaiti zilizo safi kuliko zote. Picha huonyesha paa la bati. Haionyeshi kwamba chini ya bati hilo mna mkunga.

Ndiyo sababu twaandika leo, na kusema kwamba ipo njia nyingine. Mwaka 2004, mwaka uleule ambao Google ilikuwa ikinunua, Mwingereza mmoja, Steve Coast, alianzisha ramani iitwayo OpenStreetMap, ambayo mtu yeyote aweza kuichora, kuisahihisha na kuichukua bila malipo. Kwetu imekwisha kufanya kazi. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi wa Tandale waliuchora mtaa huo, mifereji na vyoo na mabomba yake. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria, uliochora kata za Dar es Salaam zinazofurika, ili ijulikane maji yatapita wapi kabla hayajapita. Waliotembea katika matope wakiwa na simu mkononi walikuwa vijana wa vyuo vyetu na wakazi wenyewe.

Jirani zetu wa Mara wana habari nzito zaidi. Huko Mugumu, wilayani Serengeti, ipo nyumba salama inayowapokea wasichana wakimbiao kukeketwa. Msichana au jirani yake hupiga simu usiku, hutaja kijiji. Na kijiji hicho katika ramani za biashara hakikuwapo, wala njia ya kukifikia. Mwaka 2015 ukaanzishwa mradi uitwao Crowd2Map Tanzania. Watu wa nchi mbalimbali, wakiwa majumbani mwao, huchora nyumba na njia kwa kutazama picha za setelaiti. Kisha vijana wa hapa hutembea na simu na kuandika majina. Yamekwisha kuchorwa mamilioni ya majengo ya vijijini. Kwa msichana mmoja wa usiku mmoja, mamilioni hayo ni jengo moja tu, lakini sharti liwe lile lililo lake.

Hali kadhalika mama mjamzito. Mpango wa m-mama, ambao kanda ya ziwa uliujaribu mapema katika Sengerema na Shinyanga, na ambao tangu mwaka 2022 umekuwa ukienezwa nchi nzima, huwawezesha watu kupiga namba 115 bila malipo. Ambulansi isipokuwa karibu, huitwa dereva wa kijiji aliyekwisha kuandikishwa, naye hulipwa kwa simu. Ni mpango mwema sana. Lakini yule aitikiaye simu mkoani, akiulizwa njia ipi yapitika leo kwenda kijiji fulani, atajibu kwa kutazama nini? Akitazama ramani iliyotudanganya sisi, atampeleka dereva mtoni.

Msomaji mwenye macho atatukamata hapa. Atasema: makampuni makubwa hayaitumii hiyo ramani huria pia? Huitumia. Mwezi wa Desemba 2022 Amazon, Meta, Microsoft na TomTom waliunda umoja wao wa ramani, na sehemu ya mali waichanganyayo humo hutoka katika kazi za watu wa hiari. Basi je, tunawaambia vijana wa Lingeka wakawafanyie kazi matajiri kwa mara ya pili? Swali hili lilitukalisha ofisini jioni moja nzima, na hatukukubaliana sote. Hoja iliyotushinda ni hii: katika ramani huria, sheria yake yamlazimu aitumiaye kutaja ilikotoka, na akiiongezea mali ile na kuitoa kwa watu, airudishe kwa masharti yaleyale. Tajiri aichukua, lakini hawezi kutufungia mlango. Njia iliyochorwa kwa kampuni moja ni mali ya kampuni hiyo. Ikiamua kesho kutoza, au kuondoka kama ilivyotokea kwa teksi mwaka 2022, mchoraji hana la kudai.

Tena liko jambo la tahadhari. Kuchora zahanati, kisima, kivuko na shule ni kitu kimoja. Kuandika kwamba nyumba hii ni ya mjane fulani ni kitu kingine kabisa, wala hatukiungi mkono. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, na mahali aendapo mtu kila siku ni taarifa yake binafsi. Kila mwanachama mwenye simu angefanya vema kutazama katika mipangilio yake ni programu ngapi alizoziruhusu kumfuata. Mwandishi mmoja wa gazeti hili alikuta kumi na moja, mojawapo ikiwa ya kuwashia tochi.

Kwa upande wa Serikali, kazi kubwa imekwisha kufanywa. Mwezi wa Februari 2022 ilizinduliwa operesheni ya anwani za makazi, ili nyumba zipate namba na barabara zipate majina kabla ya Sensa ya Agosti mwaka huo. Watendaji walitembea nyumba kwa nyumba. Fedha iliyotumika ni ya wananchi. Twaomba basi majina ya barabara na mahali pa huduma za umma, si majina ya watu, yatolewe kwa namna ambayo mwalimu wa Lingeka au kijana wa chuo aweza kuyachukua na kuyatia katika ramani huria. Na TARURA, wakala aliyekabidhiwa barabara za vijijini tangu mwaka 2017, aijua hali ya barabara zake kuliko Sydney na Marekani wajuavyo. Hatuoni sababu ya ujuzi huo kulala kabatini. Orodha ya vivuko visivyo na madaraja, kata kwa kata, ingetosha kuanzia.

Lakini tusiingoje Serikali kwa jambo ambalo mikono yetu yaliweza. Balozi wa nyumba kumi ajua kila njia ya mtaa wake, na lini yafungwa na maji. Karani wa chama cha msingi cha pamba ajua lori lipite wapi. Dereva wa bodaboda ajua yote hayo na zaidi. Kijana mmoja mwenye simu janja, akiwaketisha watatu hao chini ya mwembe kwa siku mbili na kuandika wanayosema, kisha akatembea nao kuhakikisha, atakuwa amefanya ambalo kampuni yenye mabilioni haijalifanya. Bando lahitajika siku ya kupeleka kazi tu. Programu kadhaa zitumiazo ramani huria huhifadhi ramani ya mkoa mzima ndani ya simu, nayo husomeka pasipo mtandao.

Sisi tulirudi Bariadi usiku, tukiwa na matope mpaka magotini. Kesho yake dereva wetu, ambaye hapo kabla hakupata kuchora kitu, aliufuta mstari ule uvukao mto katika ramani huria, kwa maana nako ulikuwapo, akaandika kivuko cha mwamba pale tulipoonyeshwa, na neno la kuonya ya kwamba mvua zikinyesha hakipitiki. Ilimchukua muda wa dakika arobaini, kwa kuwa vidole vyake ni vinene. Kosa hilohilo tumeiarifu na ile programu iliyotupeleka mtoni, hatujapata jibu. Mvua za kwanza Simiyu huanza mwezi wa Novemba, na kutoka barabara kuu mpaka Lingeka tulihesabu vivuko vingine sita ambavyo havijaandikwa popote.